Xbox ipigane zaidi? Jibu kwa msomaji wa Arusha

Msomaji wetu wa Arusha, mwenye Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, ameandika hivi: "Shikamoo. Nimekuwa shabiki wa Xbox tangu enzi za 360, na hali ya sasa inaniuma. Mwaka 2025 Microsoft imepandisha bei ya mashine mara mbili kule Marekani, ikapandisha na Game Pass, ule usajili wake wa gemu wa kila mwezi, halafu Halo yenyewe, gemu maarufu ya Xbox, inapelekwa PlayStation ya Sony. Hii ni kampuni yenye hela kuliko Sony na Nintendo zikiwekwa pamoja. Kwa nini isishushe bei ya mashine mpaka iwe ya kutupa, ikazifungia gemu zake zote, ikanunua studio nyingine, ikabanana na Sony mpaka mmoja asalimu amri? Na mimi Series X yangu niiuze sasa kabla haijaporomoka bei?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu bila kuzunguka: hapana, isipigane hivyo. Mambo yote matatu uliyoyataja Microsoft imeshayajaribu kwa nyakati tofauti, na kwa fedha ambazo hakuna kampuni nyingine ya gemu ingeweza kuzimwaga. Ukali ulizaa matunda mara moja tu, mwaka 2005 Xbox 360 ilipotoka, kwa sababu kizazi kipya cha mashine kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza na wanunuzi walikuwa mikono mitupu. Leo mikono imejaa. Mtu mwenye gemu hamsini ndani ya akaunti yake ya PlayStation hahami kwa kupunguziwa dola mia.

Aliyelisema hili waziwazi ni Phil Spencer mwenyewe, wakati akiiongoza Xbox. Mei 2023, kwenye mahojiano yaliyowachoma mashabiki wengi, alikiri kwamba walishindwa katika kizazi kibaya zaidi cha kushindwa, kile cha Xbox One, kwa sababu ndicho kizazi ambacho watu walianza kujijengea maktaba za gemu za kupakua. Zamani ukibadili mashine uliuza diski zako, ukaanza upya. Sasa gemu uliyoinunua mtandaoni huwezi kuiuza wala kuhama nayo. Aliyeingia PlayStation mwaka 2013 akaingia na PS5 mwaka 2020, na vitu vyake vyote vikamfuata: gemu, marafiki, vikombe alivyoshinda, hata hela iliyobaki kwenye pochi ya akaunti. Huo ndio ukuta ulio mbele ya Xbox, na bei ya mashine haiugusi.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ushauri wa "shusha bei" unapokwama. Oktoba 2022 Spencer alisema hadharani kwamba kila mashine ya Xbox inayouzwa inaitia kampuni hasara ya kati ya dola 100 na 200, na kwamba wanategemea kuirudisha kwenye gemu na vifaa. Sasa chukua gemu ya kampuni nyingine inayouzwa dola 70. Desturi ya maduka haya ni mwenye mashine kuchukua asilimia 30, yaani dola 21. Kufukia shimo la dola 100 unahitaji mteja anunue gemu tano kwa bei kamili. Shimo la dola 200 linataka gemu kumi. Shusha bei kwa dola mia nyingine kama unavyotaka, shimo lifike 300, na sasa unamhitaji mteja wa gemu kumi na tano.

Jiulize huyo mteja ni nani. Aliyesubiri mpaka mashine iwe ya kutupa ndiye anayenunua gemu moja ya mpira kwa mwaka, na nyingine anazisubiri zishuke bei. Na kwa Xbox kuna Game Pass pia: mteja analipia mwezi, anacheza gemu mia kadhaa, na hanunui hata moja. Mashine ya bei ya kutupa ingeingia kwenye nyumba nyingi, sikatai, lakini kila nyumba ingekuwa deni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Zamani mashine ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka kwa sababu chipu zilikuwa zinazidi kuwa ndogo na rahisi kutengeneza. PS2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99, tena bila Sony kuumia. Kizazi hiki hakikwenda hivyo. Sony iliongeza bei ya PS5 nchi nyingi mwaka 2022, na Agosti 2025 ikaiongeza Marekani kwa dola 50. Mwezi huohuo Nintendo nayo ilipandisha Switch ya kwanza, mashine ya mwaka 2017. Series X iliyotoka kwa dola 499 mwaka 2020 ilifika 649 Oktoba 2025. Sisifii ongezeko hilo, nami linanikera, lakini anayesema Microsoft ishushe bei anaitaka iende kinyume na gharama zinazowabana wote watatu, huku yenyewe ndiyo yenye wateja wachache zaidi wa kuifidia.

Bado unaweza kusema hilo ni la sasa tu. Basi turudi mwaka 2014, maana Xbox ilipigana kwa bei na tunajua kilichotokea. Xbox One ilitangazwa mwaka 2013 kwa dola 499, ikiwa imefungwa pamoja na kamera ya Kinect utake usitake, na masharti ya diski yaliyowatisha wanaonunua gemu za mkono wa pili. Usiku wa Juni 10, kwenye maonyesho ya E3 Los Angeles, Sony ikapanda jukwaani ikasema PS4 ni dola 399 na diski utaiazima, utaiuza, utaifanyia unavyotaka. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Siku tisa baadaye Microsoft ikayafuta masharti yake. Juni 2014 ikaiondoa Kinect, bei ikawa 399. Novemba ikashuka tena mpaka 349, na gemu ndani ya boksi. Kwa Marekani ilifanikiwa: Novemba ile Xbox One iliipita PS4, na Desemba pia. Januari 2015 PS4 ikarudi mbele.

Kwa hiyo punguzo la dola 150 ndani ya mwaka mmoja lilinunua miezi miwili ya sikukuu, katika nchi moja ambayo Xbox ina nguvu kuliko kwingine kote. Kizazi kilipokwisha, PS4 ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 117, na mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilikubali, kwenye nyaraka ilizowasilisha kwa wasimamizi wa ushindani wa Brazil, kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili yake.

Wewe uliyeko Arusha huhitaji takwimu za Marekani kulielewa hili. Ingia kwenye kibanda chochote cha gemu, hapo kwenu, Manzese au Eastleigh. Mwenye kibanda alianza na PS2 zilizochipiwa na diski za mpira za kuchoma, akaenda PS3, akaenda PS4. Hakuwahi kukaa chini akalinganisha nguvu za chipu. Kijana anayeingia na mia tano mkononi anataka padi ambayo vidole vyake vinaijua, kitufe cha kupiga shuti kikiwa palepale kilipokuwa jana, na dau liko mezani, hana muda wa kujifunza. Mletee mwenye kibanda Xbox kwa nusu bei, atakuuliza kwanza wateja watacheza nini na kwa mazoea gani. Swali hilohilo ndilo analouliza mzazi wa Ohio au Manchester, kwa maneno mengine.

Sasa nikupeleke kwa kampuni iliyofuata ushauri wako mpaka mwisho. Sega ndiyo mkali wa kweli katika historia ya biashara hii, na kila anayetaka Xbox ipigane anapaswa kuijua hadithi yake yote, maana wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza tu.

Nusu ya kwanza ni tamu. Mwaka 1990 Tom Kalinske alichukua uongozi wa Sega ya Marekani wakati Nintendo ikiwa imelishika soko karibu lote. Alishusha bei ya Genesis, mashine ya Sega, kutoka dola 189 hadi 149, akaitoa ndani ya boksi gemu ya zamani iliyokuwa inatolewa bure, akaiweka Sonic, iliyotoka Juni 1991, na matangazo yake yakamtaja mpinzani kwa jina. Electronic Arts nayo ikamwaga gemu za michezo, hasa Madden ya mpira wa Kimarekani. Nintendo ilileta mashine yake ya biti 16 Marekani Agosti 1991, ikakuta mwenzake ameshakaa kwenye sebule za watu. Ukali ule ulifaulu. Lakini angalia ulifanyika lini: watoto walikuwa na mashine ya zamani ya Nintendo, hawajahamia mpya, na Sega ilikuwa na gemu mkononi ambayo kila mmoja aliitaka siku hiyohiyo.

Nusu ya pili inaanza Novemba 1994. Sega ilitoa 32X, kifaa cha dola 159 cha kuchomeka juu ya Genesis ili kuipa nguvu, wakati Saturn, mashine mpya kabisa, ilikuwa tayari inatoka Japani mwezi huohuo. Kwa Marekani, Saturn ilikuwa imetangazwa kwa Septemba 2, 1995. Maduka yalijipanga kwa tarehe hiyo, na watengenezaji wa gemu walikuwa wanakimbizana nayo. Ndipo ikaja amri kutoka makao makuu Japani, ambayo Kalinske amesimulia baadaye kwamba aliipinga: PlayStation inakuja Septemba, tuwatangulie.

Mei 11, 1995, E3 ya kwanza kabisa, Los Angeles. Kalinske akasimama akatangaza kwamba Saturn ya dola 399 ipo madukani tayari, leo hii. Ilikuwa mashine 30,000, kwa maduka manne tu: Toys "R" Us, Babbage's, Electronics Boutique na Software Etc. Wengine wote walisikia habari ile kama mtu mwingine yeyote. Baadaye siku hiyo, Steve Race wa Sony aliitwa jukwaani kuzungumzia PlayStation. Akatamka namba moja, 299, akashuka.

Watu hupenda kusimulia tukio hilo kama ushindi wa bei. Mimi naona jeraha kubwa lilikuwa kwingine. KB Toys, mnyororo mkubwa wa maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ulikasirika kuachwa nje na ukagoma kuuza Saturn. Kampuni za gemu ambazo zilikuwa zimejipangia Septemba zilikuta mashine imeshatoka miezi minne kabla ya gemu zao, na mnunuzi wa Mei alipata gemu chache, zote za Sega yenyewe, kisha akakaa wiki nyingi bila kitu kipya. Aliyenunua 32X Krismasi alijiona amefanywa mjinga, na alikuwa sahihi. Juu ya yote hayo Saturn ilikuwa na prosesa kuu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, ngumu kuziandikia programu, kwa hiyo hata aliyekuwa na nia njema alichelewa. Sega ilimtangulia mpinzani kwa miezi minne na ikapoteza wauzaji, waandishi wa gemu na wateja wake wa zamani kwa hatua moja. Saturn iliishia mashine milioni tisa na kidogo dunia nzima. PlayStation ilizidi milioni 100.

Dreamcast, mashine iliyofuata ya Sega, ndiyo sehemu inayouma zaidi, kwa kuwa safari hii walifanya mengi vizuri. Ilitoka Marekani Septemba 9, 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu ndani wakati wenzake hawana, na ndani ya saa 24 iliingiza zaidi ya dola milioni 98. Bei nzuri, gemu nzuri, tarehe nzuri. Lakini Electronic Arts haikuja, na waliouziwa 32X na Saturn walisema ngoja tuone PS2. Mwaka 2000 Sega ikashusha hadi 149. Ikatoa hata mashine kwa mtindo wa kurudishiwa pesa ukijiunga na huduma yake ya intaneti. Kila hatua ilikuwa ya kishujaa na kila moja ilichimba shimo zaidi. Januari 31, 2001 ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine. Isao Okawa, mkuu wake, alitoa mali yake binafsi ya takriban yen bilioni 85 kuiokoa kampuni, na akafariki Machi mwaka huo. Bila yeye huenda leo hatungekuwa na Sonic.

Utasema Microsoft haiwezi kufilisika kama Sega. Kweli. Ila kwa idara ya gemu, utajiri wa kampuni mama haufanani na hela mfukoni. Ndani ya Microsoft, Xbox inapanga foleni ya fedha pamoja na wingu la Azure na akili mnemba, na mkurugenzi wa fedha akilinganisha dola inayoleta faida mwaka huu na dola inayofukia shimo la mashine, unajua itakwenda wapi. Sega ilikuwa na Okawa aliyeipenda biashara ile mpaka pesa ya mwisho. Kampuni tajiri yenye mambo mengi ina subira fupi kuliko unavyodhani.

Tazama walivyofanya kwenye lile ombi lako la kununua studio. ZeniMax, kampuni ya gemu yenye studio ya Bethesda, walinunuliwa kwa dola bilioni 7.5, mauzo yakakamilika Machi 2021. Activision Blizzard, wenye gemu ya vita ya Call of Duty, ikatangazwa Januari 2022 kwa bilioni 68.7 na kukamilika Oktoba 13, 2023. Hakuna mtu katika tasnia hii amewahi kushindana kwa ukali wa kiasi hicho. Kilichofuata ni hiki: ili kuwaridhisha wasimamizi, ilibidi Microsoft isaini mikataba ya miaka kumi ya kuipeleka Call of Duty kwa Nintendo na kwa Sony. Silaha kubwa kuliko zote ikanunuliwa kwa sharti la kutotumika. Januari 2024 watu 1,900 wa idara ya gemu wakapunguzwa. Mei ikafungwa Tango Gameworks ya Tokyo, waliotengeneza Hi-Fi Rush, gemu ambayo wachambuzi wengi waliisifu. Julai 2025 gemu za Perfect Dark na Everwild zikafutwa baada ya miaka mingi ya kazi, na studio ya The Initiative, iliyoundwa kwa ajili ya kazi kubwa kama hizo, ikafungwa.

Hapa nina hasira kama wewe, ila hasira yangu inaelekea kwingine. Tatizo halikuwa kununua studio chache. Walinunua nyingi kuliko walivyoweza kuzilea, na waliozipa maisha ndio waliolipa gharama. Pesa iliyomezwa na Activision ingezilipia mishahara studio nyingi kama Tango kwa miaka na miaka.

Kuzifungia gemu nako kuna hesabu yake. Nyaraka za mahakamani mwaka 2023 zilionyesha kwamba gemu moja kubwa ya Sony, The Last of Us Part II, iligharimu zaidi ya dola milioni 200 kutengeneza. Sony inaweza kuifungia gemu kama hiyo kwa sababu ina wateja wengi wa kuilipia. Mwenye chini ya nusu ya wateja hao akiifungia yake, gharama ni ileile na mapato ni nusu. Ndiyo maana Forza Horizon 5, gemu ya Xbox ya mbio za magari, ilikwenda PS5 Aprili 2025, ikafuatiwa na tangazo la Halo. Mimi nisingeipeleka Halo siku ileile ya kutoka, na nitakwambia chini kwa nini, lakini siwezi kuiita woga.

Kama unatafuta mfano wa kampuni iliyokwama ikainuka, uko Kyoto. Nintendo ilikwama mara mbili ndani ya miaka mitatu na kila mara ikajibu tofauti.

Mara ya kwanza, mwaka 2011, 3DS, mashine yake ya mkononi, ilianza vibaya kwa dola 249.99. Kabla ya miezi sita kwisha, Satoru Iwata, mkuu wa Nintendo, aliikata hadi 169.99, akaukata mshahara wake kwa nusu, na waliokwisha kununua kwa bei ya juu akawapa gemu 20 za zamani bure. Huo ni ukali wa bei kama unaoutaka wewe, na ulifanya kazi. Sababu ni mbili. Kwanza, miezi michache baadaye zilifuata Super Mario 3D Land na Mario Kart 7, kwa hiyo aliyevutwa na bei alikuta kitu cha kununua. Bei ya chini bila gemu ni kibiriti bila kuni. Pili, Nintendo ilikuwa na akiba ya kubeba hasara, ikaibeba: mwaka wa fedha ulioisha Machi 2012 ilipoteza yen bilioni 43.2. 3DS ilimaliza safari yake na karibu milioni 76.

Mara ya pili ilikuwa Wii U, mashine ya sebuleni, na hapo Iwata alielewa kwamba dawa ileile haitaponya. Septemba 2013 mashine ilishapunguzwa kutoka dola 349 hadi 299 na haikusaidia. Jina lilikuwa linawachanganya wazazi, wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea Wii ya zamani. Januari 2014 Nintendo iliteremsha makadirio ya mauzo ya mwaka kutoka mashine milioni 9 hadi milioni 2.8. Wachambuzi walipiga kelele: toeni Mario kwenye simu, acheni mashine, punguzeni wafanyakazi. Iwata akaukata tena mshahara wake kwa nusu, akakataa kupunguza watu kwa hoja kwamba mwenye hofu ya kufukuzwa hatengenezi gemu itakayowagusa watu, na badala ya kuipigania Wii U kwa mtutu akaiacha ife taratibu. Nguvu zikahamishiwa kwenye mashine iliyofuata. Timu za mashine za mkononi na za sebuleni, zilizokuwa zikifanya kazi mbalimbali, zikaunganishwa. Alifariki Julai 2015 bila kuiona. Switch ilitoka Machi 3, 2017.

Linganisha gemu moja tu. Mario Kart 8 ya Wii U, mwaka 2014, iliuza nakala milioni 8 na nusu kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa milioni 13 na nusu tu. Gemu ileile, ikiongezwa vitu kidogo na kutolewa Switch mwaka 2017, imepita milioni 60. Waliitengeneza watu walewale ambao Iwata alikataa kuwafukuza.

Unaweza kunitajia PS3. Ni kweli, Sony ilianza vibaya kwa dola 599, na idara yake ya gemu ilipoteza yen bilioni 232.3 mwaka wa kwanza, kisha ikapambana na kuinuka mpaka zaidi ya milioni 87. Lakini PS3 ya dola 299 ya mwaka 2009 ilikuwa mashine iliyosanifiwa upya kuwa rahisi kutengeneza, na ilikuja wakati Naughty Dog na studio nyingine za nyumbani zimeiva. Halafu kwa PS4, msanifu wake mkuu, Mark Cerny, alikwenda kwa watengenezaji wa gemu kuwauliza wanataka nini kabla ya kuchora mashine. Hapo ndipo kipigo cha 2013 kilipopikwa.

Ningekuwa na sauti Redmond kwenye makao makuu ya Microsoft, basi, ningesema kizazi hiki kimekwisha, msitupe dola nyingine kwenye bei ya Series X. Ukali wote uwekwe siku ya kwanza ya mashine ijayo, ambayo Juni 2025 walitangaza kuwa wanaiunda na AMD, kampuni ya chipu. Siku hiyo ziwepo gemu tatu au nne ambazo mtu atanunua mashine kwa ajili yake, zikiwa zimemalizika, siyo trela. Jina liwe jepesi, kwa sababu mzazi anayeambiwa achague kati ya Xbox One X na Xbox Series X yuko pale alipokuwa mzazi wa Wii U. Kila kitu ulichokinunua tangu enzi za 360 kifunguke humo, maana maktaba ndiyo ukuta wa Sony na Xbox nayo ina ukuta wake mdogo wa kuulinda. Gemu za nyumbani zitoke nyumbani kwanza, mwaka mmoja au zaidi, ndipo ziende kwa jirani. Sony imewahi kufanya hivyo kwa gemu zake za kompyuta. Na wapigane pale ambapo Sony ni dhaifu, yaani kwenye Windows. ROG Xbox Ally, mashine ya mkononi ya Windows waliyoitoa na ASUS Oktoba 2025, inaelekea huko, ingawa kwa bei iliyotoka nayo, dola 599 na 999, ilikuwa ya wachache. Zaidi ya yote wasifunge studio nyingine hata moja kati ya sasa na siku hiyo, kwa kuwa gemu ya siku ya kwanza inaandikwa miaka minne au mitano kabla.

Kuhusu Series X yako, usiuze. Bei ya mkono wa pili haitakulipa thamani ya unachokiachia: inasoma diski za gemu nyingi za 360 na hata chache za Xbox ya kwanza, na gemu ulizonunua kwenye akaunti huwezi kuziuza pamoja na mashine. Baadhi zina alama ya Xbox Play Anywhere, hizo zitafunguka hata kwenye kompyuta bila kulipia tena. Cha kuangalia ni usajili. Kama unalipia Ultimate, daraja la juu la Game Pass lililofika dola 29.99 kwa mwezi Oktoba 2025, na jioni zako nyingi ni mpira wa mtandaoni na wenzio, Essential, daraja la chini lililokuwa dola 9.99 wakati huo, inakuruhusu kucheza mtandaoni vilevile. Ile tofauti ukiiweka kando miezi kadhaa, unanunua gemu moja mpya inayobaki kuwa yako.